Kati ya Subaru na Altezza, kijana asianze kwa kuhesabu farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliuliza hapa: ana akiba yake, anataka gari la zamani lenye mbio, la milango minne, la kushughulika nalo Jumamosi na Jumapili, wala si la kwendea kazini. Ameshindwa kuamua kati ya Subaru Impreza WRX na Toyota Altezza RS200. Ndugu yetu wa Morogoro akamjibu kwa mstari mmoja: chukua lenye farasi wengi, yaani nguvu nyingi ya injini, mengine yatafuata.

Barua ile nimeisoma mara tatu. Sina ugomvi na aliyeiandika, lakini jibu lake linaweza kumfilisi kijana wa watu. Nasema hivyo kwa sababu mwaka huu nimepita njia hiyohiyo, na magari yenyewe yalikuwa hayohayo mawili.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani, nina miaka 48, naishi Chumbageni hapa Tanga. Gari la nyumbani ni Noah, linapeleka watoto shule na mama watoto sokoni. Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka pembeni fedha za vibarua vya jioni, nikiwa na nia ya kununua gari ambalo mimi na mpwa wangu tutalifungua, tulisafishe, tulifunge, halafu Jumapili tulitoe barabarani. Mpwa anasoma ufundi wa magari, yuko mwaka wa pili. Mama watoto aliniwekea sharti moja tu: lisiguse ada.

Moyo wangu, niseme wazi, ulikuwa kwa Subaru. Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 20, nimepanga chumba barabara ya 12 Ngamiani, na Colin McRae alikuwa ameshinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza ya buluu yenye maandishi ya njano. Picha yake niliikata gazetini nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda Safari hiyohiyo kwa Impreza tena. Mtu akiniambia Subaru ni gari la wahuni naumia, kwa sababu naijua ni gari la namna gani: magurudumu yote manne yanasukuma, injini imelala chini pistoni zikipigana kushoto na kulia, na uzito wake umekaa karibu na ardhi. Kwenye mvua na barabara ya vumbi, Altezza haiifikii.

Nikaipata moja Dar es Salaam. WRX ya mwaka 2003, buluu, gia za mkono, namba C, inauzwa milioni 13. Tangazo lilisema ni kuweka mafuta na kuondoka. Mimi na mpwa tukapanda basi.

Tulipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, dalali akasema halijawashwa tangu jana. Akawasha, likaitika mara moja, akanyaga mafuta, kile kifaa walichofunga cha kupuliza nje hewa ya tabo (pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada) kikatoa mlio wa "pshhh", vijana waliokuwa kibarazani wakashangilia. "Bosi, hii ni chuma. Injini haijawahi kufunguliwa."

Naomba nisimame kidogo kwenye mlio huo, maana ndio unaowauzia vijana magari. Kwenye Subaru ya aina hii kuna kitambuzi kinachopima hewa yote inayoingia, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hewa hiyo. Mitambo ya kiwandani huirudisha hewa ya ziada ndani baada ya kupimwa. Ukiipuliza nje, petroli yake imeshamwagwa lakini hewa yenyewe haipo tena, kwa hiyo kila unapobadilisha gia injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Unalipia mafuta na plagi ili upate mlio.

Nikamwambia dalali sitalijaribu gari siku hiyo. Nitarudi kesho saa 12 asubuhi, na lisiguswe mpaka nifike. Hakupenda, lakini akakubali. Tulilala kwa shemeji, asubuhi tukawa mlangoni kabla ya jua. Safari hii boneti ilikuwa baridi na ina umande. Alipowasha, moshi wa samawati ukatoka nyuma kama wa kibatari, ukakaa hewani muda wa kutosha mpwa kunitazama. Huo ni wa oili inayoungua.

Tukafungua boneti. Mimi nilishuka kwenye nyaya, hilo ni eneo langu. Chini ya dashibodi nilikuta waya wa redio, wa king'ora na wa saa ya tabo vyote vimenyofolewa kwenye waya mmoja, vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu nyeusi, bila fyuzi hata moja. Gari likiungua kwa hitilafu ya namna hiyo, mwenye nalo atasema petroli imevuja.

Mpwa naye alikuwa anatazama mahali pengine. "Mjomba, njoo usome hapa." Chini ya boneti palikuwa na kijikaratasi cha Kijapani, cha gereji iliyobadilisha mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa pistoni na vali. Wajapani huandika miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unachukua namba yao unajumlisha 1988. Kijikaratasi kilisema mwaka wa 24, yaani 2012, na kilomita 104,300. Nikaingia ndani nikatazama dashibodi. Ilisoma 91 elfu na kitu. Gari limetembea barabara za Dar zaidi ya miaka kumi na kilomita zimerudi nyuma. Zaidi ya hapo, mkanda ule, kama haukubadilishwa tena, ulikuwa umeshapita umri wake, na kwenye injini hii mkanda ukikatika pistoni zinapiga vali.

Mhariri, ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa naitaka Subaru. Nikasema labda injini bado ni nzima, mkanda tutabadilisha, nyaya nitazivuta upya mwenyewe. Tukaliacha lipate moto dakika 20. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye bloku upande wa chini, mpini nikaubana sikioni. Mpwa akapandisha mizunguko ya injini mpaka 2,500 kwa dakika, akaachia taratibu. Pale anapoachia nikasikia: tok, tok, tok. Mlio mkavu, wa chuma kwa chuma, unaofuata mwendo wa kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Nikampa mpwa bisibisi na yeye asikilize, nikanyaga mafuta mimi. Hakusema kitu, akanirudishia.

Ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Wanaozifahamu Subaru za tabo wanaujua ugonjwa huu: oili inaachwa ipungue, au tabo inaongezwa presha na mtu asiyejua, au vyote viwili, na beringi zinaanza kulika. Tukalizungusha pia kwenye uwanja, usukani umekatwa mpaka mwisho. Gari likawa linashtuka na kukwama kama limefungwa breki. Tairi za mbele zilikuwa mpya za kampuni moja, za nyuma kuukuu za kampuni nyingine. Subaru haitaki hivyo. Tairi zikitofautiana kimo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwa Subaru unanunua tairi nne kwa mpigo, na hilo kijana aliweke kwenye hesabu zake kabla ya kitu kingine.

Dalali alipotuona tunanong'ona akashusha mpaka milioni 11. Bei ya kutupwa, kwa anayetazama rangi tu. Fundi mmoja wa Dar nikampigia palepale kuuliza injini nyingine kutoka Japani, akaniambia milioni 4 na nusu, kufunga mbali, na dhamana hakuna. Na hiyo injini nyingine nayo nani amesikiliza tumbo lake?

Basini tukirudi Tanga hatukuongea mpaka Chalinze.

Altezza ilitokea wiki tatu baadaye, mjini Moshi. Hapa nitoe tahadhari kwa kijana aliyeuliza. Altezza nyingi unazoziona mitaani ni AS200. Zina injini ya 1G, ya silinda sita, ileile ya Mark II GX110 tunayoifahamu wote, na nguvu yake ni farasi 160. Ni injini tulivu, spea zake zipo kila kona, na simkatazi mtu kuichukua. Ila RS200 ni kitu kingine: silinda nne, 3S-GE, farasi 210 kwa gia za mkono, gia sita. Kuna watu wanabandika maandishi ya RS200 kwenye mgongo wa AS200 na kuongeza milioni mbili. Usisome maandishi ya nyuma. Fungua boneti, soma namba ya chasisi. RS200 huanza na SXE10, AS200 huanza na GXE10. Sekunde tano tu zinakuokolea milioni mbili.

Gari la Moshi lilikuwa la mwalimu mstaafu. Rangi ya juu ya boneti na paa ilikuwa imebabuka kwa jua, viti vya mbele vimechanika pembeni, redio haipo. Tulipofika boneti ilikuwa baridi bila ya mimi kuomba. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, karibuni, gari sijaligusa, nilijua mtataka kuliwasha wenyewe." Akaingia ndani akatoka na kaunta buku. Kila alipomwaga oili ameandika: tarehe, kilomita, aina ya oili, bei, nani aliyefanya. Mwandiko wa ubaoni, umenyooka mstari kwa mstari. Ukurasa wa mwisho aliandika kwa wino mwekundu: "Mkanda wa taimingi bado. Breki ya nyuma kulia inashika. Mguu wa mbele unagonga kwenye mashimo." Nikamuuliza kwa nini anatuonyesha. Akasema, "Mwanangu, nikikuficha leo, kesho utanipigia simu ya lawama, na mimi simu za lawama sizitaki uzeeni."

Tukapima vilevile tulivyopima Dar. Moshi wa samawati hakuna. Bisibisi sikioni, injini inazungumza kama cherehani. Nilipovua zulia la buti nikakuta chuma cha kiwandani, hakijapigwa nyundo wala kuunganishwa. Nyaya zote ni za Toyota, hakuna wa mtaani hata mmoja. Tulipotoka nalo kilomita tano nikagusa rimu ya nyuma kulia ikaniunguza kidole. Breki inashika, kama alivyoandika. Boli jointi za mbele za chini zimekwisha, ugonjwa wa kawaida wa Altezza, na si wa kupuuza, kwa sababu ikichomoka mguu wa mbele unalala barabarani. Yote haya yana bei inayojulikana. Nikampa mwalimu milioni 10 na laki 8, akanipa kadi ya gari, kaunta buku, na funguo mbili.

Sasa nirudi kwenye hoja ya ndugu wa Morogoro. WRX ile ya kwao Japani ina farasi 250, RS200 ina 210. Tofauti ni farasi 40. Lakini farasi 40 hao ni wa siku gari limetoka kiwandani. Subaru niliyoisikiliza Dar haikuwa na 250, na kesho yake ingeweza kuwa haina hata mmoja. Gari la miaka 20 halinunuliwi kwa karatasi ya kiwanda. Unanunua namna lilivyotunzwa, na unanunua fundi aliye karibu na wewe.

Hili la fundi nalisisitiza. Hapa Tanga tuna mzee wa Makorora aliyeanza kufungua injini za 3S enzi za Carina na Corona, akaja RAV4, akaja Ipsum na Nadia. Ukimtajia 3S anafunga macho anakwambia boliti ipi inakata. Ni kweli 3S-GE ya Altezza si 3S-FE ya Ipsum, kichwa chake Toyota walikisanifu pamoja na Yamaha, na vifaa vya vali zake haviingiliani na vya Ipsum, hivyo vinatafutwa. Lakini bloku anaijua. Injini ya Subaru iliyolala, nimeuliza gereji nne hapa mjini, na wote waliniambia wataitoa garini, lakini hakuna aliyesema amewahi kuigawa bloku yake. Kijana angekuwa anaishi Arusha au Dar, penye mafundi wanaoishi kwa Subaru, na akapata nzima yenye tairi nne zinazofanana, ningemwambia achukue na amwombe Mungu amjalie. Hakusema anaishi wapi. Basi ajiulize mwenyewe: gari likigoma Jumapili saa kumi jioni, nampigia nani?

Wapo watakaosema aagize Japani, aachane na ya mikononi mwa watu. Apige hesabu kwanza. Gari lililozidi miaka 10 linatozwa asilimia 30 ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 18 inayokuja juu ya hayo yote. Na huko Japani kwenyewe bei zimepanda, kwa sababu sheria ya Marekani inaruhusu gari kuingia likitimiza miaka 25, na Altezza za kwanza za mwaka 1998 zilishatimiza. Tunagombea na wenye dola.

Tulipofika nayo nyumbani hatukununua rimu wala spika. Jumamosi ya kwanza tulimwaga oili, maji, oili ya gia na ya difu. Jumamosi ya pili na ya tatu tukabadilisha mkanda. Hapo mpwa wangu alinifurahisha kuliko siku zote. Kabla ya kuuvua mkanda wa zamani aliweka alama kwenye kila puli kwa wino mweupe wa kufutia, alama juu ya puli na alama mkabala wake juu ya bloku. Tulipofunga mpya, na tensheni mpya, na pampu ya maji mpya, nilitaka awashe. Akakataa. Akachukua spana akaizungusha kranki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, akisikilizia kama kuna kinachogusa. Alama zikarudi mahali pake. Ndipo akaniambia, "Washa, Mjomba." Likaitika. Mzee wa Makorora alikuwa amekaa kwenye ndoo anatutazama, akainuka akaenda zake bila kusema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Mkanda na vyake vilikula 450,000. Tairi nne za inchi 17 zilikula 720,000, breki zote 380,000. Boli jointi mbili, oili, plagi na mikono ya watu vikafikisha jumla 2,440,000. Kijana aliyeuliza aitazame vizuri namba hiyo. Gari la milioni 10 na laki 8 ni la milioni 13 na robo kabla hujafurahi nalo, tena hilo ndilo zima. Kama akiba yake yote inaishia kwenye bei ya dalali, asubiri miezi sita.

Kisha tukaitoa. Jumamosi moja saa 11 alfajiri, mimi, mpwa, na chupa ya chai, tukapita Muheza, Segera, Korogwe, kwa mwendo wa vibao, kwa sababu trafiki wa njia ile na tochi zao hawalali. Mombo tukakata kulia tukaanza kupanda kwenda Lushoto. Anayeijua barabara ile anajua: zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo na mto. 3S-GE haina tabo. Nguvu yake yote iko juu, kilele ni mizunguko 7,600. Ukiwa gia ya nne inazubaa, ukirudi ya tatu inaamka na kuimba. Subaru ingetuvuta kona zile kwa gia moja bila jasho, na kuna mahali kabla ya Soni niliikumbuka ile ya buluu.

Lakini baada ya Soni, kwenye kona iliyojificha, tulikutana na wasichana wawili wadogo wamebeba kuni kichwani, wanatembea ndani ya lami kwa sababu pembeni hapana pa kukanyaga, na basi linashuka. Nilikanyaga breki. Gari likasimama limenyooka, tairi hazikulia, usukani haukuvuta. Wasichana wakapita, mmoja akatupungia mkono wa bure. Mpwa akashusha pumzi. Breki ileile iliyonichoma kidole Moshi, tairi zilezile ambazo rafiki zangu waliniuliza kwa nini sikununua rimu za kung'aa. Farasi hawakuhusika kabisa.

Nilitaka barua iishe hapo, Mhariri, ila wiki iliyopita dalali wa Dar alinipigia kuniambia ana gari jingine la kunifaa. Nikamuuliza ile buluu ilikwenda wapi. Akasema ilishachukuliwa, kijana mdogo, katoa milioni 12 taslimu. Nikamuuliza kama alimwambia mteja kuhusu mlio. Akakata simu.

Kwa hiyo naomba maneno haya ya mwisho yasipunguzwe. Kijana uliyenunua Impreza WRX ya buluu, ya 2003, namba C, gia za mkono, yenye kijikaratasi cha Kijapani chini ya boneti kilichoandikwa 104,300: acha kuliendesha leo. Usilipeleke mbio hata mara moja kumwonyesha rafiki. Lipakie kwenye lori la kubebea magari hadi kwa fundi anayeijua injini ya Subaru, aiteremshe, aigawe bloku, atazame beringi za konrodi na kranki. Kranki ikiwa haijakwaruzika sana bado inaweza kusagwa na injini ikapona. Ukiendelea kuliendesha, konrodi itatoboa bloku, na hapo hakuna wa kuiokoa. Na kabla ya kuliwasha tena badilisha mkanda, kata nyaya zote zilizozungushiwa selotepu nyeusi chini ya dashibodi. Ukikwama kwenye nyaya, namba yangu ya simu mhariri anayo. Nitapanda basi nije nizivute upya, hutanilipa.

Msomaji wenu,
Fundi umeme, Chumbageni, Tanga